Titi la Dada Yangu Lilizikwa Mtanda

Kazi yangu ni kupokea nyama za watu. Nasema hivyo hivyo bila kupamba, kwa sababu nikisema "mtaalamu wa maabara" majirani zangu wa Mtanda hudhani napima malaria tu, na huniletea watoto wenye homa mpaka mlangoni wakati nimeshika tonge. Malaria napima, sikatai. Lakini meza yangu hasa pale hospitalini ni ile ya pembeni, karibu na dirisha lisilofunguka, ambako huletwa vikopo. Ndani ya kikopo kuna maji makali yaitwayo fomalini, na ndani ya fomalini kuna kipande cha mtu: uvimbe wa shingo, kinyama cha kizazi, kidonda kilichokataa kupona. Mimi huvipokea, huviweka sawa, huvipakia kwenye basi kwenda Dar es Salaam, na majibu hurudi huku Lindi.

Fomalini inawasha macho na kuchoma pua, lakini bila hiyo sina kazi. Nyama ikitoka mwilini huanza kuharibika papo hapo. Fomalini huikamata, ikabaki vile vile ilivyokuwa. Nimewahi kumrudisha daktari mzima na kikopo chake mkononi kwa sababu alikitia maji ya chumvi badala ya fomalini. Alinuna wiki nzima. Anune. Mgonjwa hana nyama ya kuchezea.

Sasa mtu mwenye mdomo kama huu, yaliyompata dada yake ndiyo haya.

Dada yangu ni wa tumbo moja na mimi, ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Yuko kijijini Nyangamara na mumewe, wana mikorosho yao na muhogo. Aliugusa uvimbe kwenye titi la kushoto akiwa bafuni, akaunyamazia. Alinyamaza wakati wa palizi, akanyamaza wakati wa kupuliza mikorosho salfa, akanyamaza mpaka korosho zikaokotwa. Aliponiambia, nilimfokea kwenye simu hadi shemeji akaichukua na kuniomba nipumue kwanza. Nikawaita mjini. Tukamchoma sindano nyembamba, seli chache zikapakwa kwenye kioo, na jibu likarudi: saratani. Daktari akasema titi litoke lote, kisha uvimbe wenyewe upimwe ijulikane ni saratani ya namna gani.

"Kwani ziko za namna ngapi?" dada aliniuliza. Tulikuwa uani kwangu tukichambua kisamvu.

Nikamweleza. Miaka ya nyuma niliwahi kupelekwa Dar kujifunza kipimo hicho, na tangu hapo nimekipenda kuliko vyote. Nikamwambia homoni ya kike hutembea kwenye damu ikipiga hodi kwenye kila seli. Seli nyingi hazina habari nayo. Lakini seli za titi zina kipokezi, kitu kidogo sana kinachokaa humo ndani, ambacho kazi yake ni kuitikia hodi hiyo. Kikishaitikia, seli inapata amri ya kukua. Saratani nyingine hubaki na kipokezi hicho, na hizo zinashikika, maana kuna kidonge kinachowahi kukaa pale pa kuitikia. Homoni ikija, ipige hodi mpaka ichoke.

Dada akacheka. "Kwa hiyo nakaa zangu Nyangamara, nameza kidonge, naendelea na mikorosho yangu?"

"Kama kipokezi kipo."

"Na kama hakipo?"

Sikupenda kujibu, ila dada hadanganyiki. "Dripu za Dar, dada. Zile kali, za kunyonyoa nywele. Na saratani yenyewe inakuwa ya ukorofi zaidi. Inarudi mapema."

Alitupa mabua ya kisamvu pembeni. "Na mtajuaje?"

Hapo nikamweleza habari ya kingamwili. Mwili hutengeneza askari wa kukamata vijidudu, na kila askari anamjua adui mmoja tu, wa pili hamjui hata akipishana naye. Watu wa sayansi wametengeneza mmoja anayekijua kipokezi kile peke yake. Unakata nyama nyembamba kupita ngozi ya kitunguu, unaibandika kwenye kioo, unamdondoshea. Akimkuta anayemtafuta anamshika haachi. Ukishaosha na kutia rangi, pale aliposhika panakuwa kahawia. Asipomkuta, anaondoka na maji. Hana upendeleo wala chuki.

"Basi mwombee Mungu akute," dada akasema, na akaondoka kwenda kuteka maji.

Shangazi hakuwapo siku ile, alikuwa msibani. Shangazi ni dada wa marehemu baba, naishi naye hapo Mtanda, na mtaa mzima ukifiwa na mwanamke huja kumgongea yeye. Ndiye mwosha maiti wetu. Ana mikono mipole kuliko yeyote ninayemjua na kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia.

Siku ya upasuaji ilifika. Huku kwetu, kama hujui, kikopo hakiji maabara chenyewe. Daktari akishakata, muuguzi hutoka na chombo, kikopo au ndoo ndogo kama nyama ni kubwa, humkabidhi ndugu aliyeketi nje kwenye benchi, na ndugu ndiye anayekileta kwangu. Ni kawaida tangu sijaajiriwa. Nimeshapokea vikopo kutoka kwa waume, wajukuu, hata kwa kondakta aliyekuwa amempeleka mama yake. Tulikubaliana shemeji ndiye atakayekaa pale. Mimi nilitandika meza yangu, nikanoa kisu, nikasubiri.

Nikasubiri. Adhuhuri ikaadhiniwa, ikasaliwa. Nikampigia shemeji. "Mimi niko duka la dawa," akasema, "nimetumwa sindano. Nimemwacha shangazi kwenye benchi." Nikapanda hadi wodini. Muuguzi akaniambia, "Chombo nilimpa yule mama zamani. Nikamwambia apeleke maabara."

"Akaenda?"

"Aliondoka nacho."

Mtume! Nilitoka pale na koti langu jeupe, nikarukia bodaboda kwenda nyumbani, na yule kijana nilimhimiza njia nzima mpaka akaniuliza kama nyumba inaungua.

Kilichonipokea uani ni harufu ya kafuri. Kisha nikaiona ndoo. Ile ndoo ndogo ya hospitali, yenye jina la dada ubavuni, imefudikizwa kwenye kichanja cha vyombo, imesuguliwa hadi inameremeta. Shangazi alikuwa anajifuta mikono.

"Shikamoo shangazi. Nyama iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nimeshaistiri. Na ndoo ya watu hiyo nimeiosha, kesho uwarudishie."

Sijui kama umewahi kupandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Nilimuuliza amefanya nini, naye akanijibu taratibu, kama anamweleza mtoto. Kiungo cha mtu aliye hai hakisaliwi, lakini hakitupwi. Ameisuuza ile sumu inayowasha macho, akaitia kafuri, akaivika kitambaa cheupe, akaizika pale pembeni mwa ua wa bafu. Nini cha kunifanya nipige kelele?

"Uliambiwa uipeleke maabara!"

"Niliambiwa. Maabara kufanya nini? Ugonjwa si walishautaja? Saratani, wote tulisikia. Wakishatazama huko kwenu wanafanyaje?"

Najua tunafanyaje.

"Si mnachoma moto?" akasema. "Unaniambia niichukue nyama ya mtoto wa kaka yangu, kwa mikono yangu hii, niipeleke ikachomwe moto?"

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana bado namheshimu. Kisha nikachukua jembe. Naye, mwanamke mzima wa umri wake, akaenda akaketi juu ya ule udongo mbichi, akazikusanya kanga zake. "Chimba," akasema. "Anza na mimi."

Jamani. Jua linawaka, udongo una joto, na mimi najua kinachotokea kule chini. Seli zinapasuka moja baada ya nyingine, na kipokezi ni miongoni mwa vitu vinavyowahi kupotea. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Nyama ikishaoza, kingamwili kitapita juu yake kisikute kitu, kitaondoka na maji, na kioo kitabaki cheupe. Hapo nani atajua kama kipokezi hakikuwapo tangu mwanzo, au kilikuwapo kikaoza hapo Mtanda? Dada yangu angenyimwa kidonge cha kumfaa kwa sababu ya jibu lililoharibika.

Nilimweleza shangazi yote hayo. Alisikiliza, nikiri hilo. Akauliza huyo askari anatoka kwa mnyama gani. Nikasema sungura. "Alau si nguruwe," akasema, lakini hakunyanyuka. "Kilichozikwa hakifukuliwi kwa sababu wewe una haraka. Mwenyewe mwenye mwili hajazinduka. Nani ametoa ruhusa?"

"Na kuzika nani alitoa ruhusa?"

Akazidi kujikita kwenye udongo, na mimi sikuweza kumwinua kwa nguvu. Nikampigia shemeji, nikamwambia arudi wodini, akae kando ya kitanda, dada akifumbua jicho tu anipigie. Kisha nikakaa kwenye kizingiti na jembe mapajani, shangazi kwenye udongo wake, tukatazamana kama paka na paka. Jirani mmoja alichungulia ili aombe chumvi. Alituona, akaamua chakula chake kinafaa hivyo hivyo.

Simu ikaita. Nikaiweka kwa sauti ya juu ili shangazi naye asikie. Shemeji alikuwa amemweleza dada kisa kizima. Sauti ya dada ilikuja nzito, ulimi bado umelewa dawa ya usingizi.

"Nyie wawili. Mnagombania titi la nani?"

Shangazi akanitazama, mimi nikatazama jembe.

"Nauliza. La nani?"

"Lako, mwanangu," shangazi akasema.

"Basi lifukueni. Nataka kujua." Akavuta pumzi. "Shangazi, ahsante kwa kunistiri. Lakini fukueni."

Nilinyanyuka na jembe, shangazi akalisukuma pembeni. "Nimeizika mimi, naitoa mimi." Alipiga magoti, akasema bismillahi, akafukua kwa mikono, taratibu, asije akaumiza kitu. Kitambaa kilitoka kimelowa. Alinikabidhi akiwa ameinamisha uso, nami nikakipokea kwa mikono miwili. Nikasema ahsante.

Maabara nilifungua kitambaa na kukata. Bahati moja ilikuwepo. Daktari alikuwa ameupasua ule uvimbe kabla ya kuutumbukiza, na ndoo ilikaa kitambo chumba cha upasuaji kabla ya kutolewa. Kwa hiyo ukingo wa nje, pale fomalini ilipowahi kufika, ulikuwa mgumu, wa kijivu, umeshikwa. Katikati palikuwa laini, hapana maana tena. Nikachukua vipande vyembamba kutoka ukingoni, pale saratani inapopakana na nyama nzima ya titi, nikavitia fomalini mpya. Iliyobaki nilimrudishia shangazi jioni ile ile, na aliizika upya bila kuniongelesha.

Vile vipande sikuvipakia kwenye basi peke yake. Niliomba ruhusa kazini, nikavipeleka Dar mwenyewe, nikavishika mapajani njia nzima. Pale nilipojifunzia kazi walinikubalia nikae karibu. Nikaona nyama ikigandishwa kwenye nta, ikikatwa, ikipashwa moto, ikidondoshewa kingamwili. Nimeifanya kazi hiyo kwa nyama za watu wengi nisiowajua, na mikono yangu haijawahi kutoka jasho. Siku ile nilipewa niweke kioo kwenye hadubini, nikakiangusha mezani.

Kuna jambo sikumweleza dada wala shangazi, na ndilo lililokuwa likinitafuna. Kwenye ukingo ule kuna seli za aina mbili, za saratani, na jirani zake, seli za kawaida za titi zenye afya. Hizi jirani kila mara huwa na kipokezi, angalau baadhi yake. Kwa hiyo mtu huzitazama hizo kwanza. Zikiwa nyeupe, ujue nyama iliharibika, jibu lolote ni la kutupa. Zikiwa kahawia, nyama ni nzima, kingamwili kimefanya kazi yake, na lolote litakalosemwa kuhusu saratani ni kweli.

Nilitazama jirani. Zilikuwa kahawia, safi, zimepangika kuzunguka mfereji wao mdogo wa maziwa. Moyo ukanilipuka kwa furaha. Udongo wa Mtanda haukuzigusa! Nikasogeza kioo kidogo, kwenye saratani.

Nyeupe. Nikasogeza tena. Nyeupe. Ng'ambo ya mpaka mwembamba kabisa jirani wanaitikia hodi, na huku hakuna hata mmoja. Nikazunguka kioo chote, nikaanza upya. Nakumbuka nikitamani, mimi ninayewarudishia madaktari vikopo vyao, nikitamani zile seli jirani zigeuke nyeupe ili niseme nyama ilioza. Ningekuwa na pa kushikilia. Ningerudi nyumbani na hasira zangu, na hasira ni mzigo ninaojua kuubeba. Zilikuwa kahawia, na zikabaki kahawia. Vipokezi vingine viwili vyenye dawa zake vilipimwa, kila kimoja kwa kingamwili chake, navyo havikuwapo. Daktari bingwa akaja, akatazama kwa utulivu kuliko mimi, akatia sahihi.

Nilifika Mtanda alasiri. Dada alikuwa ameshatolewa wodini, amekaa mkekani na bandeji yake, anakunywa uji. Shangazi alikuwa kando yake na amekonda. Nilisikia baadaye kwamba tangu siku ile aligoma kwenda kuosha maiti. Aliitwa misiba miwili akasema anaumwa, na watu wakaanza kunong'ona. Nilikuwa sijavua hata viatu aliponiuliza.

"Niambie kweli. Niliiharibu?"

Dada akaacha kunywa uji.

Niliwatazama wote wawili, kwa sababu jibu lilikuwa moja kwa wawili hao. Nikimwambia shangazi kwamba aliiharibu, dada angelala na matumaini yake usiku ule, na shangazi angeenda kaburini na mzigo huo. Nilimtazama shangazi, ile mikono yake imefungamana mapajani. Sijawahi kusema uongo kuhusu nyama ya mtu.

"Hukuiharibu, shangazi," nikasema. "Ilikuwa nzima. Kipimo kimesema kweli tupu."

"Alhamdulillah!" Alilisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Akafunika uso kwa kanga, mabega yakamtetemeka, analia kwa furaha. "Alhamdulillah, alhamdulillah. Nilidhani nimemuua mtoto wa kaka yangu."

Dada alikuwa akinitazama mimi. Akaweka bakuli chini.

"Hakipo," akasema.

"Hakipo, dada."

Shangazi akatoa kanga usoni. Alimtazama dada, akanitazama mimi, na mdomo wake ukabaki wazi kwenye ile shukrani ambayo sasa hakujua aiweke wapi. Dada akamshika mkono.

"Usiirudishe shukrani, shangazi. Umeshaitoa, iache." Kisha akanigeukia. "Mabasi ya Dar yanaondoka saa ngapi?"

Nikamwambia alfajiri, nikaenda jikoni nikalia.